Jinsi ya kulala vizuri kwenye hoteli ya kawaida Kampala ukija kikazi

Nimekaa risepsheni ya hoteli ndogo hapa Kampala miaka sita, kule chini mjini karibu na mapaki ya magari ya abiria, zamu ya mchana na ya usiku, na wageni wangu wengi walikuwa watu wa kazi wanaoongea Kiswahili, kutoka Bukoba, Mwanza, Kisumu, Eldoret, Goma, Beni, wengine madereva wa maroli, wengine wanachukua vitenge, wengine mafundi wametumwa na kampuni wafunge mashine siku mbili warudi kwao. Kitu nilichokiona miaka yote hiyo ni kwamba mgeni halali vibaya kwa sababu hoteli ni ya bei ndogo, analala vibaya kwa sababu aliona haya kuuliza. Chumba kizuri na chumba kibaya vinaweza kuwa floo moja na bei ile ile, sisi wa risepsheni tunajua kipi ni kipi, anayeuliza anapewa kile kizuri na aliyenyamaza anapewa kile ambacho wenzake wamekikataa. Ndio maana naandika hizi hatua, mtu akija asione haya.

Hatua ya 1: angalia tarehe kabla ya kuangalia bei

Tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanakuja Namugongo kutoka nchi zote za jirani, kuna wanaotembea kwa miguu wiki nzima, na kuanzia mwisho wa Mei vyumba vya Kireka, Kyaliwajjala na Ntinda vinajaa mpaka watu wanasogea mjini. Kama kazi yako inaweza kusubiri, subiri ipite. Desemba nayo kabla ya Krismasi wanunuzi ni wengi sana, ukija bila kubuki utazunguka na begi.

Karatasi ni fupi: Mkenya na Mnyarwanda anaingia na kitambulisho cha taifa, Mtanzania njoo na pasipoti au ile hati ya dharura ya kusafiria, na kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usije kuanza kubishana na watu mpakani saa nane za usiku.

Hatua ya 2: lala karibu na kazi yako

Jamu ya Kampala inakula siku. Mtu analala Ntinda kwa sababu kaambiwa pametulia, alafu kazi yake yote iko Kikuubo, anatumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, hiyo hela ya usafiri angeiongeza kwenye chumba. Kama unanunua vitu vya dukani, Kikuubo, au nguo za mtumba Owino, lala downtown hapo hapo au panda kidogo Old Kampala au Mengo, unatembea kwa mguu. Spea za gari ziko Kiseka na mitaa inayoizunguka. Mzigo wa kwenda Arua au kupitia Elegu kwenda Juba unapakiwa Arua Park. Wenye mikutano ya maofisi Nakasero na Kololo, kule hoteli ni za bei ya juu, jaribu Wandegeya au Bugolobi.

Kitu cha kuuliza mapema kuhusu hoteli za downtown ni jengo lenyewe. Nyingi ziko juu ya maduka, yaani chini ni akedi, juu floo ya nne au ya tano ndio vyumba, na lifti saa ingine haipo kabisa. Kama una mabelo mawili ya mtumba hiyo ni habari kubwa. Pia geti la akedi linafungwa usiku, uliza linafungwa saa ngapi na nani anakufungulia ukichelewa, na uchukue namba ya simu ya huyo mlinzi mwenyewe, sio ya risepsheni peke yake.

Hatua ya 3: piga simu wewe mwenyewe

Ukikata chumba kwenye zile programu za kubuki, hoteli inakatwa kamisheni, kwa hiyo ukipiga simu moja kwa moja kunakuwa na nafasi ya kupunguziwa. Uliza bei ni ya chumba au ya mtu, brekfasti imo au haimo, chumba ni selfu au bafu ni la kushea, maji ya moto yapo. Alafu sema utakaa siku ngapi. Hapo kwenye siku ndipo watu wanapoteza. Nilipokuwa mimi singo ilikuwa shilingi elfu 60 za Uganda na brekfasti ndani, na mgeni wa siku tatu au zaidi nilikuwa na ruhusa ya kumtolea elfu 10 kila siku bila kumpigia bosi, lakini ilikuwa mpaka mgeni aseme mwenyewe, na wengi hawakusema. Neno la hapa ni "salako", nipunguzie kidogo, ukilisema kwa upole hakuna anayekasirika.

Hatua ya 4: kufika

Kutoka uwanja wa Entebbe mpaka mjini ni kama kilomita 40. Ukipanda gari kubaliana na dereva kabla: mnapita barabara ya zamani au ile ya haraka, kwa sababu ya haraka inalipiwa tangu Januari 2022, gari ndogo ni shilingi 5,000, na ugomvi wa nani analipa unaanzia pale getini. Na jua kwamba hapa ukisema "taksi" watu wanaelewa ile matatu, ile daladala ya abiria 14. Gari ya kukodi peke yako inaitwa speshali. Nimeona mgeni kamwambia kijana amtafutie taksi, akapelekwa paki akabanwa na begi lake la laptopu magotini mpaka Kawempe.

Wanaokuja na basi la usiku kutoka Nairobi wanashuka asubuhi, na chumba kwa kawaida kinatolewa saa nane mchana. Usikate tamaa. Piga simu jioni ya kabla, sema "ninafika alfajiri, mkiwa na chumba kilicholala wazi naomba niingie". Kama kipo tunatoa, kwa sababu kimeshasafishwa na kinakaa bure. Kama hakipo omba kuoga na kuacha begi, hoteli nyingi za kawaida hazikatai hilo.

Kuhusu saa: Waganda nao wanahesabu saa kama sisi Waswahili, essaawa emu ni saa moja, lakini risepsheni ikiongea Kiingereza inahesabu ile ingine, kwa hiyo mwisho wa kutoka ukiambiwa ten ni saa nne asubuhi, sio saa kumi jioni. Na nyinyi mnaotoka Goma, Bukavu au Kigali, saa zenu ziko nyuma ya Kampala kwa saa moja, rekebisha simu mapema, nimeshaona mtu anadaiwa siku nzima kwa hiyo saa moja.

Hatua ya 5: salamu

Hii ni ndogo lakini inafungua milango. Katiba inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakiidhinisha kiwe rasmi, lakini kwa Waganda wengi wa rika la wazazi wetu Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari wenye bunduki, na hilo halitoki kichwani haraka. Anza na Kiganda chao: asubuhi "wasuze otya nnyabo", au "ssebo" kama ni mwanaume, mchana "osiibye otya", ukipewa kitu "webale". Baada ya hapo endelea na Kiswahili chako, atakujibu, na kama hajui atamwita mwenzake anayejua. Ukiingia na "we dada nipe chumba" utapewa chumba kweli, kile cha juu ya jenereta.

Hatua ya 6: ona chumba kabla hujatoa shilingi

Hapa ndipo nataka ukae sana. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukoba alikuwa anakuja kila baada ya miezi miwili kuchukua vitenge, mimi ndiye niliyekuwa nambebea funguo, na mambo mengi ya vyumba nimejifunza kwake kuliko kwa bosi. Akiingia haketi. Anafungua bomba la moto anaacha maji yatiririke, anaenda kufanya mengine. Anashusha chandarua chote mpaka chini, anakivuta mbele ya dirisha ili mwanga upite, na tundu lolote linaonekana, hata lile la kupita kidole kidogo. Anageuza mto ananusa upande wa chini. Anainua kona ya godoro anaangalia mishono, kwa sababu kunguni wanakaa kwenye mshono, sio katikati ya shuka. Anachomeka chaja kwenye kila soketi mpaka simu ilie. Alafu anaingia ndani, anafunga, anazungusha funguo mara mbili, anaita, "Mwanangu, sukuma hapo nje." Nasukuma. "Sukuma kwa nguvu, mwizi hana huruma." Nasukuma kwa bega. Ndipo anarudi bafuni kuweka mkono kwenye maji, kama bado ni ya baridi anatoka.

"Mwanangu, hiki hapana."

"Mama, vingine vimejaa."

"Basi nitakaa hapo kwenye benchi, nitangoja."

Akakaa. Ndani ya nusu saa nikawa nimempatia kingine, kwa sababu kilikuwepo.

Fanya hivyo hivyo. Dakika tano tu. Ongeza na kelele, manake Kampala mchana na Kampala usiku ni miji miwili. Chumba kinachotazama paki utaamshwa na wapiga debe kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ijumaa usiku kuna makanisa yanakesha na spika kubwa, na mabaa yanapiga muziki mpaka kunakucha. Simama dirishani uangalie chini kuna nini, na uliza tu wazi, "usiku hapa pana kelele?" Wa risepsheni akisita, omba chumba cha nyuma. Floo ya katikati ndio nzuri, ya juu kabisa jua linapiga bati na maji yanafika kwa shida, ya chini watu wanapita mlangoni usiku kucha.

Stima nayo uliza vizuri. Ukisema "kuna umeme?" kuna watu hapa watafikiria lile shirika, kwa sababu kampuni ya kusambaza stima ilikuwa inaitwa Umeme tangu 2005 mpaka Machi 2025, sasa ni UEDCL. Wengi wanalipa kwa Yaka, ile mita ya kulipia kwanza, na kwenye hoteli ndogo Yaka ikiisha saa saba usiku inategemea nani ana hela kwenye simu. Kwa hiyo swali sio "mna jenereta?", wote watasema ndiyo. Uliza, "jenereta inafika vyumbani au inawasha taa za korido tu?" Nilipokuwa mimi ilikuwa inawasha korido na televisheni ya risepsheni, na mgeni anayetaka kufanya kazi kwenye laptopu usiku hilo alitakiwa alijue mapema.

Hatua ya 7: lipa usiku mmoja kwanza

Hata kama umesema siku tatu na umepunguziwa, omba ulipe wa kwanza, asubuhi ukiwa umelala vizuri ulipe zilizobaki. Ni haki yako na wala sio matusi. Pesa ikishaingia kwenye droo kuirudisha ni kazi, nimewahi kuwaona wageni wanaomba warudishiwe ya siku mbili kwa sababu ya kelele na hela ilishaenda kwa bosi, na mimi sina cha kuwapa.

Kitambulisho au pasipoti tunaandika kwenye kitabu, au tunapiga picha, alafu unarudishiwa pale pale. Usiiache. Sio kwamba tutaiuza, ila zamu zinabadilika, droo ni moja, na wewe basi lako linaondoka alfajiri wakati mwenye funguo ya droo kalala kwake Nansana.

Kwa waliotumwa na kampuni: sema kabla ya kulipa kwamba unataka risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulioanza 2021, na wape jina la kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Hoteli iliyosajiliwa kwa VAT inatoza asilimia 18, uliza kama imo ndani ya bei uliyoambiwa au inaongezwa. Hoteli ndogo ndogo nyingine hazimo kwenye VAT, zitakupa risiti ya kuandika kwa mkono, na kama mhasibu wako haikubali basi hiyo sio hoteli yako hata kama ni nzuri.

Pesa: kulipa kwa namba ya biashara ya MTN au Airtel ni bora kuliko kutoa kwa wakala uje na noti, kwa sababu ukitoa unakatwa ada na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Dola badilisha Kampala Road kwenye forex, sio risepsheni, na njoo na noti mpya za 50 na 100, zile ndogo wanakupa bei ya chini na zilizochakaa au za zamani wanazikataa.

Hatua ya 8: mzigo

Hili linaniuma bado. Mwezi wa nne mmoja kaka wa Eldoret aliacha katoni nne za viatu kwenye stoo yetu ya chini, akaenda Jinja siku moja. Mchana ikanyesha ile mvua ya Kampala isiyo na adabu, mfereji wa Nakivubo ukafurika, maji yakaingia chini ya mlango yakafika kwenye vifundo vya miguu. Tulikimbia tukaokoa mbili za juu. Mbili za chini zilikuwa zimelowa mpaka gundi ikaachia, soli zinabaki mkononi. Hoteli ikasema mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe, imeandikwa ukutani, na kweli imeandikwa, ila nani anasoma. Kaka alikaa kwenye ngazi anazipanga soli mbili mbili kana kwamba zitarudi.

Kwa hiyo Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, mzigo usilale chini. Omba floo ya juu au ulale nao chumbani. Ikibidi stoo, uwekwe juu ya mbao, na uandikiwe karatasi: katoni ngapi, za nini, tarehe, jina na saini ya aliyepokea, piga na picha. Karatasi hiyo ndiyo inamfanya mtu wa zamu akumbuke mzigo wako mvua ikianza.

Pesa taslimu usiache chini ya godoro, ni mahali pa kwanza pa kuangaliwa. Kama hakuna sefu tembea na ya siku hiyo tu, nyingine ikae kwenye simu au benki.

Hatua ya 9: kula na kufanya kazi

Brekfasti ya hoteli za kawaida ni chai, mkate, yai na tunda. Uliza kama kuna katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharage, ukila hilo saa moja asubuhi Kikuubo utazunguka mpaka saa nane bila njaa. Jioni roleksi iko kila kona, chapati imeviringishwa na mayai, chagua yule anayekaanga mbele yako. Wanaotaka wali na nyama ya mbuzi waende Kisenyi kwenye mikahawa ya Wasomali.

Waifai jaribu ukiwa umekaa kitandani, sio risepsheni, kwa sababu kifaa chenyewe kiko risepsheni. Nunua laini yako, na ubebe pasipoti ya kusajilia. Na nyinyi mnaouza kwa Facebook, ilifungwa hapa Januari 2021 wakati wa uchaguzi na watu wanaingia kwa VPN, weka hiyo VPN kwenye simu kabla hujavuka mpaka. WhatsApp haina shida.

Usiku ukitoka, boda ya kuita kwa programu au ile ya steji ya hoteli ambayo mlinzi anaijua kwa sura. Kwenye taksi simu isikae karibu na dirisha.

Hatua ya 10: kuondoka

Jioni ya kabla mwambie wa zamu ya usiku saa unayotoka, lipa vitu vyote ulivyochukua, maji, kufuliwa nguo, na upate risiti usiku huo huo, kwa sababu alfajiri aliye risepsheni anaweza kuwa mlinzi tu na yeye hana kitabu. Kama basi ni la jioni, acha begi mapokezi uandikiwe namba yake, na ondoka hotelini saa nzima kabla, jamu ya saa kumi na moja haimjui mwenye tiketi.

Ukitoka angalia nyuma ya mlango, nguo nyingi tulikuwa tunazikuta pale, na chaja kwenye soketi ya kando ya kitanda. Alafu kabla hujarudisha funguo soma namba iliyo juu yake uiandike kwenye simu pamoja na jina la aliyekupokea, ili safari ijayo ukipiga uanze moja kwa moja: "Nnyabo, mimi ni yule wa Mwanza, naomba ile 304 ya nyuma, nafika Jumatano alfajiri."